Dalili na Ushahidi

Huulizwa mara kwa mara: mtu aliyelijua jambo kwa dalili, wala hakuliona kwa macho, yampasa aliseme vipi? Wako wasemao asiyeona na anyamaze. Na wako ambao dalili ikiwafikia asubuhi, jioni huitangaza barazani kana kwamba wameishuhudia. Makundi yote mawili yamekosea, na mfano wake tutautoa katika elimu ya mawe.

Kutoka uso wa ardhi hata kitovu chake ni kilomita 6,370 hivi. Shimo la Kola, nchini Urusi, ambalo ndilo lililokwenda chini kuliko yote, lilifika mwaka 1989 kilomita 12 na kidogo. Basi ya chini zaidi yamejulikanaje? Kwa mitetemeko ya ardhi. Mawimbi yake yakifika kina cha kilomita 410, kisha 660, mwendo wake huzidi ghafula. Ndiyo dalili ya kuwa mawe ya huko yamegeuka hali.

Mawe mengi ya ardhi ni silikati, na katika yale ya huku juu kila atomu ya silikoni huzungukwa na oksijeni nne. Chini ya kilomita 660 uzito wa mawe hukandamiza zaidi ya mara 230,000 kuliko hewa inavyotukandamiza sisi. Hapo silikoni huzungukwa na oksijeni sita, na vitu vile vile hupangika katika nafasi iliyo ndogo zaidi. Mwaka 1974 madini ya namna hiyo yalifanyizwa Australia, kwa nguvu za mitambo na moto. Na kwa hesabu ikabainika kuwa ni zaidi ya thuluthi ya ardhi yote.

Walakini hayakupewa jina rasmi. Kanuni ya wataalamu ni kuwa jina hupewa madini yaliyopatikana katika maumbile, yakapimwa. Yaliyofanyizwa kwa mikono ya watu hayatoshi. Wakangoja hata mwaka 2014, yalipothibitishwa ndani ya kimondo cha Tenham kilichoanguka Queensland, Australia, mwaka 1879. Kishindo cha kugongana huko angani kilikuwa kimeyakandamiza, kisha yakapoa upesi yasiwahi kurejea hali ya kwanza. Yakaitwa brijmanaiti, kwa jina la Percy Bridgman wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa elimu ya mikandamizo mikubwa.

Tazama, ewe msomaji! Miaka 40 ile hawakunyamaza: walisomesha, wakaandika, wakapiga hesabu. Wala hawakujidai kuwa na walichokuwa hawajakipata. Dalili waliita dalili, na ushahidi wakauita ushahidi.

Huenda mtu akasema: tukingoja ushahidi, maovu yatatupita. La! Dalili yakuruhusu kujihadhari na kuchunguza, haikuruhusu kuhukumu. Duka likifungwa siku tatu, waweza kuuliza kulikoni. Huwezi kusema mwenyewe amekimbia na mali za watu.

Jiwe halina heshima ya kuvunjwa, wala halina watoto wa kuaibishwa, nalo limengojewa miaka 40 kabla ya kupewa jina. Jirani yako, mwenye heshima na watoto, wampa jina la mwizi kabla jua halijatua. Ni nani kati yao aliyestahili zaidi kungojewa?