Usimuulize Anasali Wapi

Enyi waumini wa Malindi, na ninyi wa Ganze, Magarini na Mtwapa! Mnapanga maandamano na kongamano la kutetea uhai wa mtoto aliye tumboni, na minong'ono imeshaanza: wale vijana wasioingia kanisani wala msikitini, nao waje? Waje! Tena watangulie mbele!

Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, na papo hapo kinamruhusu tabibu kuingilia kati iwapo maisha au afya ya mama imo hatarini. Hiyo si aya ya Injili wala ya Kurani. Ni sheria ya kila Mkenya, mwenye tasbihi na asiye nayo. Kule Washington, katika maandamano ya kila Januari yaliyoanza 1974, wamo wasioamini Mungu na mabango yao, bega kwa bega na mapadri. Sisi twaogopa nini?

Na tuseme lile ambalo mimbari hazipendi kulisema. Tangu Aprili 2023, hapa kwetu hakuna awezaye kumwambia mtu aniamini kwa kuwa nimeshika Biblia. Msituni Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, ya watu walioambiwa na mhubiri wafunge hadi kufa ili wakamwone Bwana! Asiyesali aliulilia msiba ule kama wewe. Leo akisema mtoto asidhurike, umfungie mlango?

Mekatilili wa Menza hakuwa wa kanisa wala wa msikiti. Mwaka 1913 alipita kijiji kwa kijiji akicheza ngoma ya kifudu, na Wagiriama wakamfuata. Wazee husimulia kwamba alimwekea Champion, afisa wa Kiingereza, kuku na vifaranga vyake, akamtaka achukue kimoja. Champion akanyoosha mkono. Kuku akamrukia, akamdona. Kuku yule alikuwa wa dini gani?

Lakini hapa nawakemea. Mwaka 2019 binti wa miaka 16 huko Ganze alikamatwa na polisi kwa tuhuma za kutoa mimba, akiwa bado kwenye matibabu, pamoja na mhudumu aliyemtibu. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Malindi, ambayo Machi 2022 iliwapa ushindi. Kisha hukumu ikakatiwa rufaa. Mawakili walibishana miaka yote hiyo. Sisi watetezi wa uhai, nani alimpelekea binti yule hata kikombe cha uji? Sitaki kuona bango linalomtukana msichana huku mwanamume aliyempa mimba akitembea nalo! Nikiliona nitalichana, hata likiwa la mzee wa kanisa langu.

Basi jipangeni. Barua ya kumjulisha OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ifike si chini ya siku 3 kabla, wala si zaidi ya siku 14. Atakaye kusali, asali kabla ya kutoka. Barabarani maneno yawe ya watu wote. Kwenye kongamano mpeni daktari kipaza sauti kabla ya mchungaji, na mama aliyezaa akiwa shuleni kabla ya wote wawili. Kapu la mchango lianze kupita Jumapili hii: nauli ya wanaotoka Ganze, nepi, na karo ya mabinti wanaotaka kurudi darasani. Wasiosali wameshaahidi kutoa. Haya, fungueni mifuko!