JE, NI HAKI MNYAMA AUGUE ILI MTU APONE?



Wengine wanatuuliza: waganga wanaotafuta chanjo ya Sida huwaambukiza nyani ugonjwa kwa kusudi. Je, hii si zambi?

Virusi vya Sida hupita mara nyingi penye ngozi laini yenye unyevu: sehemu za siri, au kinywa cha mtoto anyonyaye. Kwa hiyo wanatafuta chanjo itakayolinda mlango huo, kama vile matone ya polio tunayowapa watoto wetu. Huijaribu kwanza kwa nyani wa Asia, kwa kutumia SIV, ndugu wa virusi vya Sida.

Mwaka 1992, huko Marekani, SIV iliyopunguzwa nguvu ililinda nyani wakubwa. Watu walifurahi. Lakini mwaka 1995 ilitangazwa kwamba virusi vya namna hiyo, vilipotiwa kinywani mwa nyani wachanga, viliwaletea Sida. Tufikiri basi: kama wanyama wasingetangulia, nani angeonja hatari ile? Ni watoto wa watu.

Lakini asiseme mtu kwamba mnyama si kitu. Mithali 12:10 inafundisha kwamba mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake. Na katika Yona 4:11 Mungu anahurumia Ninawi pamoja na mifugo yake. Wala tusidhani ni mambo ya mbali: miaka ya 1950, katika kambi ya Lindi karibu na Kisangani, mamia ya sokomutu walitumiwa katika majaribio ya chanjo ya polio.

Sisi tunasema hivi: mnyama anaweza kubebeshwa mzigo wetu pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Wasitumiwe wengi kuliko inavyohitajika, maumivu yao yapunguzwe, na matokeo yasifichwe, hata yakiwa ya aibu. Anayembebesha mwingine mzigo wake anabaki na deni.

Deni hilo ni letu pia. Chanjo ya Sida haijapatikana hadi leo. Lakini mwaka huo wa 1995 ilionekana kwa nyani kwamba tenofovir inazuia SIV, na leo dawa hiyo imo katika vidonge ambavyo wagonjwa wengi wanameza. Basi, anayetupa vidonge na kusema «ninaomba tu», anatupa pia mateso ya viumbe vya Mungu. Tuombe, tupime damu, tumeze dawa, tuwe waaminifu katika ndoa. Sala na dawa hazigombani.

Bwana awabariki. Amina.