Amri ya Nane na Habari za Nchi

Somo la mwezi huu: 1 Wafalme 21:1–16



Mwezi huu twataka kuwaza pamoja juu ya amri ya nane. Wengi wetu tulijifunza amri hiyo katika Katekisimo Ndogo tulipokuwa wanafunzi wa kipaimara. Tukaisema kwa moyo mbele ya usharika, kisha tukaiacha kule kule darasani. Twadhani ni amri ya mahakamani tu, imhusuyo mtu aitwaye mbele ya hakimu na kuapishwa. Walakini siku hizi kila mmoja wetu ashuhudia mara nyingi kwa siku, wala hajui kwamba ashuhudia. Habari za nchi zatufikia katika simu zetu: kodi mpya, chanjo, uchaguzi, bei ya mbolea, mitambo mipya na sheria mpya. Twazisoma, twabishana juu yake, kisha twazipeleka mbele kwa kidole kimoja. Neno tunalotaka kusema ni hili: apelekaye habari ya mtu ni shahidi juu ya mtu yule. Hana ruhusa ya kujitetea akisema, «Mimi niliipeleka tu.»

Tutazame habari ya Nabothi Myezreeli. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, naye Nabothi akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli alipoandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi. Barua ziliagiza watu wafunge, Nabothi aketishwe mbele ya watu, na watu wawili wabaya wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Wazee wakafanya kama ilivyoandikwa. Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa kwa mawe hata akafa.

Angalieni wazee wale. Maandiko hayatutajii hata mmoja aliyeuliza neno. Nao walikuwa watu wa mji mmoja na Nabothi. Walimjua yeye, na shamba lake, na baba zake. Lakini barua ilikuwa na muhuri, tena ilitoka juu. Basi hawakuona haja ya kwenda nyumbani kwake kumwuliza. Katika habari hii wako watu wa namna tatu: aliyetunga uwongo, wawili walioushuhudia, na wengi walioupokea wakaufuata. Sisi twasema, «Hatufanani na Yezebeli.» Na pengine ni kweli, maana si wengi wanaoketi usiku kutunga uwongo juu ya jirani zao. Lakini mahali petu hapako kwa Yezebeli. Mahali petu pako kwa wazee wa Yezreeli.

Ndugu, tutawaambia jambo lililotukia kati yetu, nasi hatujisifu tunapolieleza. Tarehe 15 Julai mwaka wa 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kukata tozo mpya juu ya fedha zitumwazo na zitolewazo kwa simu. Tozo hiyo ilianzia shilingi 10 kwa kiasi kidogo, ikafika shilingi 10,000 kwa kiasi kikubwa, nayo ilikatwa pamoja na ada ya kampuni. Nchi nzima ilikuwa ikibishana. Wengine walisema fedha hizo zitajenga vituo vya afya na madarasa; wengine walisema mzigo umewekwa juu ya maskini, ambaye hana benki ila simu yake.

Katika usharika mmoja tuujuao sana palikuwa na mama mjane, wakala wa fedha za simu, mwenye kibanda karibu na soko. Siku moja ndugu mmoja alikwenda kwake kutoa fedha alizotumiwa na mwanawe, akaona makato yamezidi yale ya mwezi uliopita. Jioni akaandika katika kundi la simu la usharika kwamba mama huyu ameongeza makato yake mwenyewe na kula jasho la wanyonge. Hakukusudia kusema uwongo. Aliona makato, hakujua habari za tozo, akaandika alilolidhani kana kwamba amelishuhudia kwa macho. Kabla ya kulala watu, maneno yale yalikuwa yamekwisha fika mitaa mitatu.

Nasi tuliyapokea. Mmoja wetu aliyapeleka kwa jamaa zake, akiongeza neno la masikitiko. Wengine tulinyamaza, tukijiambia kwamba jambo hili si letu. Kumbe tulimjua mama yule kwa miaka mingi. Alikuwa akifagia kanisa kila Jumamosi kabla sisi hatujaamka. Katika siku chache wateja walihamia kibanda kingine. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Serikali iliipunguza tozo kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikaipunguza tena. Lakini yale yaliyokatwa katika jina la mama huyu hakuna aliyeyapunguza. Kwanza aliketi nyuma kabisa kanisani. Kisha hakuonekana tena penye meza ya Bwana.

Katika torati ya Musa Mungu aliweka mzigo mzito juu ya shahidi. Mtu hakuweza kuhukumiwa kwa neno la shahidi mmoja. Walitakiwa wawili au watatu. Tena mtu alipohukumiwa kufa, mkono wa shahidi ndio uliotangulia kutupa jiwe (Kumb. 17:6–7). Na kama ushuhuda wake ulionekana kuwa wa uwongo, alitendewa yeye lile alilokusudia kumtenda ndugu yake (Kumb. 19:15–19). Kwa nini Mungu aliagiza hivyo? Ili mtu apate kuusikia uzito wa neno lake mkononi mwake kabla halijaondoka. Simu imetuondolea uzito huo. Jiwe limekuwa jepesi kama unyoya, nasi hatumwoni yule linayempiga, wala hatusikii kilio chake. Lakini yeye apigwa vile vile.

Hata sheria ya nchi inalijua jambo hili kwa sehemu. Sheria ya makosa ya mtandao, iliyotungwa Tanzania mwaka wa 2015, ilimwekea adhabu mtu atangazaye habari huku akijua kuwa ni za uwongo, kwa nia ya kudhuru au kudanganya. Walakini amri ya Mungu yaingia ndani zaidi. Haimshiki yeye tu aliyejua. Yatuuliza sisi pia tusiojua: Kwa nini hukuuliza? Na Luther alipoieleza amri hii hakuishia kwenye makatazo. Alitufundisha kwamba yatupasa kumtetea jirani, kumnenea mema, na kulichukua jambo lake kwa upande ulio mwema kadiri iwezekanavyo. Kwa hiyo hata kunyamaza kwetu siku ile kulikuwa kuivunja amri.

Huenda msomaji atauliza: Basi, je, Mkristo asijadili mambo ya nchi? Asiseme neno juu ya kodi, wala juu ya sheria, wala juu ya maarifa mapya? Hatusemi hivyo hata kidogo. Nabii Yeremia aliwaandikia watu wa uhamisho kwamba wautafute usalama wa mji walimokaa, ingawa haukuwa mji wao. Je, sisi tusiutafute wa nchi yetu? Tozo ile ya mwaka wa 2021 isingalipunguzwa upesi vile kama watu wote wangalinyamaza. Walioeleza waziwazi kiasi gani kilikatwa, na jinsi mama wa sokoni alivyoumia, walitoa ushuhuda wa kweli, nao ulisaidia wengi. Ubishi si dhambi. Dhambi ni kuliacha jambo na kumshika mtu. Ni kuacha kusema, «Sheria hii yaumiza kwa sababu hii,» tukasema, «Fulani ni mwizi,» nasi hatuna hakika.

Bwana wetu mwenyewe alituonyesha njia. Alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha tusi, wala hakunyamaza tu. Alimwambia yule mtumishi kwamba kama amesema vibaya, ubaya huo ushuhudiwe. Na kama amesema vema, ampigia nini? (Yohana 18:23). Hii ndiyo kanuni ya majadiliano yote ya Wakristo: lete ushuhuda, au zuia mkono wako.

Wala tusiilaumu simu. Chombo hakina dhambi. Dhambi hutoka moyoni. Sisi Walutheri twapaswa kulijua hili kuliko watu wengi. Hoja 95 za Luther za tarehe 31 Oktoba 1517 ziliandikwa kwa Kilatini ili wanachuoni wazijadili. Kabla mwaka kwisha zilikwisha pigwa chapa Nürnberg, Leipzig na Basel, zikaenea. Mtambo wa kupiga chapa ulikuwa mpya katika Ulaya, nao ulitumika kuichukua Injili. Lakini Luther huyo huyo, mwaka wa 1543, aliandika kitabu kibaya juu ya Wayahudi, kilichojaa uwongo na maneno ya chuki. Na mtambo ule ule ukakipiga chapa. Karne nne baadaye Wanazi wa Ujerumani waliyatumia maneno yake. Mwaka wa 1984 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, katika mkutano wake mkuu wa Budapest, liliyakataa maneno hayo. Ikiwa baba yetu katika imani, mwalimu wa amri ya nane, aliivunja vibaya hivyo kwa kalamu yake, ni nani kati yetu atakayesema kwamba kidole chake hakiwezi kukosa?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, tunaonyeshwa miji miwili. Watu wa Athene walitumia nafasi zao kusikiliza na kusimulia mambo mapya, basi. Watu wa Beroya nao walisikia jambo jipya, tena walilipokea kwa moyo wa kupenda. Lakini kila siku waliyachunguza Maandiko waone kama ndivyo ilivyo. Wote walipenda habari. Tofauti yao ni kuchunguza. Mwathene huuliza, «Lipi jipya?» Mberoya huuliza, «Je, ni kweli?» Kila mmoja na ajipime ni raia wa mji gani.

Tungewaomba waalimu na wainjilisti wa sharika wawafundishe watu maulizo matatu, nao wayazoee kama watoto wazoeavyo Baba Yetu. La kwanza: Nani ameliona jambo hili, naye yuko wapi? La pili: Je, ningeweza kulisema mbele ya uso wake huyu anayetajwa? La tatu: Nikilipeleka, nani atajengwa? Asiyeweza kuyajibu na aiweke simu yake chini. Tena, habari ikiwa juu ya mtu aliye karibu, pana njia iliyo bora kuliko zote, nayo ni ya kale: kwenda nyumbani kwake na kubisha hodi. Ndivyo alivyoagiza Bwana katika Mathayo 18, mtu amwendee ndugu yake, wao wawili peke yao.

Sisi tulikwenda, lakini tulichelewa. Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Mama yule alitukaribisha, akatupa viti, akatuandalia chai. Tulipokwisha kusema yaliyotuleta alikaa kimya kitambo, kisha akasema: «Baba zangu, mlinijua miaka yote hii. Mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza?» Hatukuwa na jibu. Na hata leo hatunalo. Tuliomba radhi, yule aliyeandika mara ya kwanza akaandika tena, mahali pale pale alipoandika uwongo, kwamba alikosa. Baadhi ya wateja walirudi. Wengine hawakurudi, maana uwongo huenda mbio, na toba humfuata nyuma kwa miguu.

Lakini toba haiendi peke yake. Yesu Kristo mwenyewe alisimama mbele ya baraza, mashahidi wa uwongo wakaja wengi, wala ushuhuda wao haukupatana. Hata hivyo alihukumiwa, akafa nje ya mji kama Nabothi. Alikufa kwa ajili ya wenye kusingiziwa, na kwa ajili ya wenye kusingizia, na kwa ajili ya sisi wazee tulionyamaza. Sasa yeye aitwaye Shahidi aliye mwaminifu ndiye atuombeaye kwa Baba. Yeye anatujua sisi hakika, wala hakuna atakayemletea habari mbaya zetu asizozijua. Naye hakuzitangaza, bali alizichukua msalabani. Aliyesamehewa hivyo aweza kukiri kosa lake mbele ya watu bila kuogopa kuangamia, naye aweza kulifunika jina la jirani yake kama lake lilivyofunikwa.

Jumapili moja kabla ya Krismasi mama yule alikuja mezani pa Bwana. Tulipiga magoti naye safu moja. Hatukusema neno.

Tuombe: Ee Bwana, weka mlinzi kinywani mwetu na kwenye vidole vyetu. Uipe nchi yetu watu wasemao kweli pasipo hofu na pasipo chuki. Uwaponye wale tuliowapiga kwa maneno yetu, nasi utupe ushujaa wa kwenda kubisha hodi kwao, kwa ajili ya Yesu Kristo. Amina.