Chambo cha Kibanjani, Makinda ya Ziwani

Somo la wiki: Kumbukumbu la Torati 22:6–7



Katikati ya sheria nzito za Musa ipo amri moja fupi kuhusu kiota cha ndege. Mtu akikuta kiota, kiwe mtini au chini, na mama amelalia mayai au makinda, anaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama amwache aende zake. Kisha inafuata ahadi: mambo yatamwendea vema na siku zake zitaongezeka. Ahadi hiyo ndiyo aliyopewa, katika sura ya 5 ya kitabu hichohicho, mtu anayewaheshimu baba na mama yake. Mungu ameweka kiota cha ndege na heshima ya wazazi chini ya baraka moja, maana katika yote mawili tunaulizwa jinsi tunavyokitendea chanzo cha uhai. Anayechukua mama na makinda kwa pamoja anashiba leo na kufunga mlango wa kesho.

Wiki hii tuipeleke amri hiyo ziwani, na tuanzie kwenye jambo ambalo halisikiki sana mimbarani: chambo.

Kuanzia Nyamukazi na Kemondo mpaka visiwa vya Muleba, Bumbire, Goziba na Ikuza, wapo ndugu zetu wengi wanaokula kwa ndoano. Anayevua sangara hutandaza kamba ndefu yenye mamia ya ndoano, na kila ndoano inadai chambo chake. Chambo kinachopendwa ni furu na kambale wadogo, tena wakiwa hai. Lakini samaki hao nao lazima wavuliwe kwanza, na mara nyingi huvuliwa kwa nyavu za macho madogo, pembezoni kwenye mafunjo na maji mafupi, mahali samaki wanapozalia na kulelea. Kokoro, wavu wa kukokota, likipita hapo halichagui. Linazoa mama, linazoa makinda, linavuruga na viota. Ndiyo maana serikali imelipiga marufuku, na ndiyo maana vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za ziwa, vinalikamata. Ila kabla ya sheria ya nchi, amri ya kiota ilikuwa imekwisha kusema.

Tunajua ziwa letu limekwisha kuumia. Sangara aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Furu aliowala walikuwa wa mamia ya aina, na kufikia miaka ya 1980 wengi wao walikuwa wametoweka. Waliosalia tusiwamalize kwa kuwatundika kwenye ndoano.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba chambo kinaweza kufugwa. Kenya na Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapo wafugaji wa kambale wanaototoa vifaranga na kuwauzia wavuvi wa sangara. Hilo linahitaji bwawa, maji na mtaji. Sisi tulio wengi, tunaotupa ndoano chache ufukweni, kwenye Ziwa Ikimba au kando ya mto Ngono, tukitafuta kambale, gogogo au sato wa mboga, tunaye kiumbe mwingine aliye karibu zaidi. Ni nyungunyungu.

Mungu amempa nyungunyungu heshima katika nchi hii ya Wahaya. Udongo wa rweya, yaani nyika ya majani, ni maskini, na mvua ya Bukoba, inayofika kama milimita 2,000 kwa mwaka, huusomba rutuba yake. Kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hakikuwa na rutuba tangu mwanzo. Kilitengenezwa na wazee wetu, kizazi baada ya kizazi, kwa samadi ya ng'ombe, majani yaliyokatwa rweya na mabaki ya jikoni. Na aliyeyachukua mabaki hayo na kuyashusha chini kwenye mizizi ya migomba na mibuni ni nyungunyungu. Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, aliwafuga kwenye vyungu nyumbani kwake ili awachunguze, na kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1881, alikiandika juu yao. Kama msomi mkubwa hakuona aibu kuketi na mdudu huyu miaka mingi, nasi tusione aibu kumtengea pembe nyuma ya jikoni.

Kazi yenyewe haina gharama. Chukua sanduku la mbao au diaba kuukuu, litoboe chini ili maji yatoke, uliweke juu ya mawe mahali penye kivuli. Tandika majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, kisha samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi hupata joto na kuwaua. Loweka kidogo. Ukifinya konzi moja, litoke tone moja au mawili, basi. Nyungunyungu hupumua kwa ngozi, hivyo akikauka anakufa, na akizama majini bila hewa anakufa pia. Walio wazuri kwa sanduku ni wale wekundu wanaoishi kwenye samadi na chini ya vigogo vya migomba vinavyooza. Wale wanaochimba kina kirefu hawapendi kufungiwa. Funika kwa gunia lenye unyevu. Walishe maganda ya ndizi na ya viazi, kidogokidogo, ukifukia chini ya samadi. Usiwape chumvi, pilipili, limau wala mabaki yenye mafuta. Kama siafu wanasumbua, badala ya mawe liinue sanduku juu ya miguu, kila mguu kwenye kopo la maji, na kuku wasilifikie.

Tazama nyungunyungu mmoja kwenye kiganja chako. Ukiona mkanda mnene umemzunguka karibu na kichwa, ujue amekomaa. Kila mmoja ana viungo vya dume na vya jike, lakini kwa kawaida hazai bila mwenzake. Wakikutana wawili, wote wawili hutaga. Kifuko cha mayai ni kidogo sana, mfano wa limau dogo lisilozidi punje ya mtama. Baada ya wiki tatu hivi hutoka humo watoto wawili, watatu au zaidi, nao huhitaji miezi miwili au mitatu kukomaa. Kwa hiyo mwenye sanduku jipya asubiri kabla ya kuanza kuvuna. Siku ya kwenda kuvua, mwaga sehemu ya samadi kwenye turubai mwangani. Wanaukimbia mwanga na kushuka chini. Utaparua samadi ya juu polepole na kuwakuta wamejikusanya. Chukua unaowahitaji, uwatie kwenye kopo lenye jani bichi. Wale wakubwa wenye mkanda warudishe sandukuni, angalau sehemu nzuri yao. Na wanaobaki baada ya kuvua usiwatupe ziwani, warudishe nyumbani.

Hapo ndipo amri ya kiota inapotimia kwa mikono yako mwenyewe. Umechukua, nawe umeruhusiwa kuchukua. Umemwacha mama, na kizazi kinaendelea. Mtu aliyezoea kufanya hivyo kila juma kwenye sanduku lake hatapata shida kuelewa kwa nini sangara wa chini ya sentimita 50 anarudishwa majini. Bwana wetu alifundisha katika Luka 16:10 kwamba uaminifu katika dogo ndio uaminifu katika kubwa. Sanduku la nyungunyungu ni dogo, ziwa ni kubwa, na moyo unaovisimamia ni ule ule mmoja.

Yapo mambo mawili ya kuonyana kwa upendo. La kwanza, vijana wetu wakikosa chambo huingia kibanja cha jirani na jembe, wakachimba kwenye shina la mgomba na kukata mizizi yake. Huo ni wizi, hata kama kilichochukuliwa ni mdudu, na mgomba wa mama mjane unaweza kuangukia hapo. La pili, ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliripotiwa mara ya kwanza nchini mwetu hapa Muleba, mwaka 2006, na familia nyingi zinakumbuka njaa iliyofuata. Usibebe vigogo, majani, maganda wala udongo kutoka kibanja chenye ugonjwa ukalishie sanduku lako. Panga na jembe ulivyotumia huko visafishe kabla hujaingia kwako. Kumpenda jirani kunafika mpaka kwenye panga.

Na mtu asije akasema kwamba kiumbe huyu ni mdogo mno kuletwa kanisani. Someni kitabu cha Yona. Mungu anamwagiza samaki mkubwa ammeze nabii, na samaki anatii. Katika sura ya 4 anamwagiza mdudu mdogo autafune mmea, na mdudu anatii kulipopambazuka. Upepo unatii, mmea unatii. Asiyetaka kutii ni nabii, yule mwenye Neno kinywani. Samaki na mdudu wako katika utumishi wa Bwana mmoja, na wote wawili walitumwa kumfundisha mtu mmoja huruma. Mwishoni mwa kitabu Mungu anauhurumia mji wa Ninawi pamoja na wanyama wake wengi. Huruma ya Mungu ni pana kuliko yetu, na sisi tumeitwa kuikaribia.

Basi ninaomba mambo matatu. Wazazi, msaidieni kijana mmoja nyumbani kwenu atengeneze sanduku wiki hii, kabla ya Jumapili. Jumuiya zilizo karibu na ziwa, wekeni sanduku moja la pamoja, ili asiye na ng'ombe apate samadi na asiye na kibanja apate chambo. Nanyi ndugu mnaotumia nyavu ndogo kutafuta furu wa chambo, ziacheni. Njooni tukae na wenzetu wa BMU tutafute chambo cha kufuga, kwa kuwa najua mnao watoto wa kulisha, na hao watoto watahitaji ziwa lenye samaki kuliko sisi. Mungu aliahidi siku nyingi kwa anayemwacha mama aende. Tumwamini kwa neno hilo, na tuanze na sanduku moja.