Je, Mke Analazimika Kupasuliwa Ili Apate Mtoto?

Katika semina za ndoa swali hili hurudi kila mara: mimba zikiharibika mara mbili au tatu, na daktari akasema mji wa mimba una kasoro, je, mke ana wajibu wa kupasuliwa?

Tuielewe kasoro yenyewe. Mji wa mimba huumbika mtoto wa kike akiwa bado tumboni mwa mamake, kutokana na mirija miwili inayoungana. Ukuta wa katikati hutakiwa kuyeyuka. Usipoyeyuka, msichana hukua na mji uliogawanyika. Hakuupata kwa uasherati, wala si laana ya mababu. Tena wako akina mama wenye ukuta huo waliojifungua salama bila kujua wanao.

Kanisa halikatazi upasuaji huu. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 inakubali matibabu yanayolisaidia tendo la ndoa bila kuchukua nafasi yake.

Lakini kilicho halali si lazima kiwe wajibu. Daktari hupitisha chombo chembamba kwenye mlango wa kizazi na kuukata ukuta, na mara chache mji hutoboka. Faida nayo ina mashaka. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Uholanzi na nchi nyingine, wanawake waligawanywa kwa kura. Kati ya 39 waliopangiwa upasuaji, 12 walipata mtoto hai. Kati ya 40 waliopangiwa kungoja, 14. Hao ni wachache mno kumaliza ubishi, na madaktari wengine bado huushauri. Hata hivyo, mume atamwambiaje mkewe, "Kama wanipenda, nenda ukakatwe"?

Papa Pius wa 12 alieleza mwaka 1957 kwamba tunalazimika kulinda uhai na afya kwa njia za kawaida, zisizo na mzigo mzito. Ikiwa hivyo kwa uhai tulio nao, sembuse kwa mtoto ambaye hajatungwa bado?

Mzigo huo aupime nani? Nasema ni mke, kwa kuwa mwili utakaokatwa ni wake. Mume amshauri, aandamane naye hospitali, wamwulize daktari pamoja ni kasoro ya aina gani. Mama mkwe hana kura hapa, hata kama ng'ombe wa mahari walitoka zizini kwake. Na anayetisha kumrudisha mke kwao aisome kanuni ya 1084 ya Sheria ya Kanisa: utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi.