Hadithi za Mizuka: Je, Yafaa Kuzifurahia?

Jioni moja baada ya mafundisho, mzee mmoja wa kanisa hapa Ndama aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu mara moja. Alisema, "Mwalimu, babu zetu waliiogopa mizimu, wakaitolea pombe na mbuzi. Sisi twasema tumeiacha hofu ile. Basi mbona watoto wetu, na wewe mwalimu wao, mwapenda kukaa kando ya moto usiku na kusimuliana habari za wafu watembeao? Mtu aliyetoka gerezani, je, hurudi kuchungulia dirishani kwa kujifurahisha?"

Nalikwenda zangu kimya, maana neno lake lilikuwa zito. Tangu siku ile nimelipima swali hilo mara nyingi, na zaidi baada ya kosa nililolitenda mimi mwenyewe, ambalo nitalieleza mbele. Leo nataka tulipime pamoja.

Kwanza tukubali kwamba nchi yetu ya Karagwe ni nchi ya hadithi za namna hii tangu zamani. Mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mfalme Rumanyika, naye akawapokea kwa wema. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863, Speke aliandika habari aliyosimuliwa hapa juu ya mfalme aliyetangulia, Ndagara, baba yake Rumanyika. Yasemekana Ndagara alipokufa, mwili wake ulishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ukawekwa katika mtumbwi, ukaelea ziwani siku tatu hata ukaanza kuoza. Kisha mabuu matatu yakatolewa humo, yakapelekwa nyumbani kwa mfalme. Moja likageuka simba, la pili likageuka chui, na la tatu likawa fimbo.

Msomaji, jaribu kuyafikiri maneno hayo usiku, upepo ukivuma migombani. Simba twamwelewa, na chui twamwelewa. Mtu akiwaona hukimbia. Lakini ile fimbo! Haina meno wala kucha, imelala tu pale ilipolala, nayo ndiyo inayousisimua mwili kupita wanyama wale wawili, kwa sababu hatujui itafanya nini. Aliyeisimulia habari hii mara ya kwanza aliujua moyo wa mwanadamu.

Wala si Karagwe peke yake. M. R. James wa Uingereza alikuwa mwana wa kasisi, na mwanachuoni mkubwa wa maandiko ya kale. Mwaka 1924 alitoa kitabu cha tafsiri zake za injili na matendo yasiyoingizwa katika Agano Jipya. Mtu huyo huyo, wakati wa Krismasi, aliwakusanya rafiki zake chumbani mwake katika chuo cha King's, Cambridge, akazima mishumaa yote ila mmoja, akawasomea hadithi za mizuka alizozitunga mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi hizo kilitoka mwaka 1904. Na kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere, Mkristo ambaye hakuna aliyemdhania kuwa mshirikina, aliufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ukatoka kwa Kiswahili mwaka 1963. Ndani yake mzuka wa Kaizari humtokea Bruto usiku hemani, kabla ya vita. Nyerere hakuuondoa mzuka ule ili kutulinda. Hata katika Biblia, Sauli aliyekata tamaa alikwenda usiku kwa mwanamke wa Endori, na kitabu cha kwanza cha Samweli chatusimulia habari hiyo wazi, giza lake lote likiwamo.

Basi wako wanaosema, "Hadithi hizi ni uongo, na uongo ni dhambi." Hao nawajibu kwa desturi ya wasimulizi wenyewe. Pwani, msimulizi asemapo "Paukwa!" na wenziwe wakamwitikia "Pakawa!", wote wamejua kwamba wameingia penye hadithi. Kwa jirani zetu Wahaya, wasikilizaji humwambia msimulizi aone, ili nao wapate kuona. Mmarekani Peter Seitel, aliyekusanya hadithi zao, alilitwaa itikio hilo likawa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Angalia maana yake: wasikilizaji hawasemi kwamba wameona, wasema waona kwa macho ya mwingine. Maneno hayo ni kama mlango. Mtu huingia kwa hiari yake, na hadithi ikiisha hutoka kwa mlango ule ule, akaenda kulala. Hakuna aliyedanganywa hapo, kwa kuwa hakuna aliyefichwa.

Wengine wasema, "Lakini hofu yenyewe ni mbaya." Nami nasema, yategemea yafuatana na nini. Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mchezo wa huzuni huamsha mambo mawili pamoja, huruma na hofu, na kwa hayo moyo husafishwa. Chukua hadithi moja maarufu ya Mwingereza W. W. Jacobs, iliyotoka mwaka 1902. Mzee mmoja apata mkono mkavu wa kima, uwezao kutimiza maombi matatu. Aomba paundi 200. Siku ya pili mwanawe anaswa na mashine kazini, afa. Na fedha wanayopewa wazazi na wenye kazi ni paundi 200 kamili. Baada ya kumzika, mama kwa uchungu alazimisha ombi la pili, mwana arudi. Usiku mlango wabishwa. Mama akimbilia komeo amfungulie mtoto wake. Baba, akijua jinsi mwili ule ulivyoharibika, autafuta mkono gizani aombe ombi la tatu. Kubisha kwanyamaza. Mlango ukifunguliwa, njia i tupu.

Mzuka hatuoni hata mara moja katika hadithi hiyo. Tuonacho ni wazazi wawili, mmoja akivuta komeo kwa upendo, mwingine akiomba kwa upendo ule ule lisifunguke. Tumeogopa, lakini pia tumewahurumia. Na ye yote aliyewahi kumzika mtoto ajua kwamba hadithi hiyo si ya mchezo. Hofu ya namna hii hulainisha moyo.

Lakini, ndugu zangu, iko hofu nyingine, na hapo yule mzee wa kanisa alikuwa na haki. Ni habari ya kutisha isiyo na mlango. Hakuna asemaye "Paukwa!" Husemwa sokoni, husemwa njiani, na kila aisemaye huapa kwamba ndugu yake aliona. Zamani watu wa miji mingi ya Afrika Mashariki waliogopa mumiani, waliosemwa kwamba hunyonya damu za watu, hata wazimamoto waliokuwa wakifanya kazi yao wakadhaniwa kuwa ndio. Mwaka 1995 habari za popobawa zilienea Pemba zikavuka hadi Unguja, watu wakalala nje makundi makundi kwa kuviogopa vyumba vyao. Na mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa kwa kudhaniwa ndiye. Huko Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama yao, walisema, ni macho mekundu. Na macho hayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kuwapikia wengine. Tena tusinyoshe vidole mbali. Mwishoni mwa Mei 2024, katika wilaya ya Muleba, mkoani humu humu Kagera, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa kwao, na mwezi wa Juni mabaki ya mwili wake yakapatikana. Watu wanaoamini kwamba viungo vya mtoto huleta utajiri hawakufundishwa hayo na hadithi ya kando ya moto. Walifundishwa na maneno yaliyosemwa kana kwamba ni kweli.

Nalidhani mimi ni mbali na hatia ya namna hiyo. Sasa nieleze kosa langu.

Katika likizo moja ya Desemba watoto walikuja kwangu jioni, nikawapa hadithi niliyoitunga mwenyewe, ya mwanamke mfu arudiye usiku kuota moto katika meko ya watu. Nilitaka wamwone hasa. Basi nikampa fimbo iliyopinda, kikohozi kikavu, na desturi ya kujisemea peke yake njiani. Watoto walishikana mikono, nami nikajisifu moyoni kwamba mimi ni fundi. Sikutambua, au tuseme kweli, sikutaka kutambua, kwamba fimbo ile na kikohozi kile nalivichukua kwa mjane mmoja akaaye karibu na kisima chetu.

Baada ya majuma mawili niliona watoto wakizunguka kwa njia ndefu waendapo kuteka maji. Zamani walikuwa wakimjazia mjane yule ndoo yake na kumletea kuni. Sasa alikuwa akiteka mwenyewe, akipumzika mara tatu njiani. Nikamwuliza mtoto mmoja sababu. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, si ndiye yule?"

Nalishtuka kupita nilivyowahi kushtushwa na kitabu cho chote. Mlango wa hadithi nilikuwa nimeufungua vizuri, na mwisho nikasema, "Imekwisha." Lakini nilimwingiza ndani mtu aliye hai, na hadithi ilipokwisha yeye hakuweza kutoka. Nikawakumbuka wazee wale wa macho mekundu, nikajiuliza: neno la kwanza juu yao lilisemwa na nani? Labda na mtu asiyekuwa na chuki yo yote, aliyetaka tu kusifiwa jioni moja.

Nikaenda kwake. Nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Karibu, Mwalimu." Nikamweleza yote, nikaomba radhi. Alinyamaza kitambo, akichochea moto. Kisha akaniuliza, "Na huyo mfu wako, alikuwa akitaka nini katika meko ya watu?"

Nikamjibu kwamba sikufikiri.

Akasema, "Basi hukumjua. Mtu atafutaye moto usiku ni mtu anayeona baridi. Niletee watoto hao."

Niliwaleta, nami ilinibidi kuwashika mikono. Akawakalisha, akaanza hadithi yake mwenyewe, ya msichana aliyeachwa porini wakati wa njaa, na sauti yake iliyobaki ikiwaita ndugu zake kila jioni. Sitaisimulia hapa, maana ni mali yake, tena siwezi kuisimulia kama yeye. Nasema tu kwamba ilitisha kupita yangu mara kumi, na kwamba mdogo wao alilia, si kwa kuogopa, bali kwa kumwonea huruma msichana yule. Hata ilipokwisha, giza lilikuwa limekwisha kushuka migombani, wala hapakuwa na mtoto aliyethubutu kwenda kwao. Bibi akacheka. Akachukua fimbo yake iliyopinda, akatangulia mbele akikohoa, nao wakamfuata wakiishika kanga yake, hata akamfikisha kila mmoja mlangoni kwao.

Basi, mzee wangu, jibu langu ni hili. Aliyetoka gerezani aweza kurudi na kuchungulia dirishani, si kwa kujifurahisha na giza, bali kwa kuwa wako waliobaki humo, nao wanaona baridi. Na sisi tupendao hadithi za kutisha tujiulize mambo matatu kabla ya kuzisimulia. Je, msikilizaji ajua kwamba hii ni hadithi? Je, yumo ndani yake mtu aliye hai, kwa jina lake au kwa fimbo yake? Na ikiisha, je, watu watamhurumia nani?

Kama majibu ni mema, chocheeni moto, mwite watoto. Na usiku ukiwa mwingi, waulizeni kama yuko mzee jirani ambaye hajapelekewa maji.