Insafu Ng'ambo ya Mto: Elimu Maalumu Lubunga

Insafu si kitu kimoja na usawa. Usawa hugawa kwa kipimo kimoja. Insafu humtazama kwanza anayegawiwa, ndipo ikakata kipimo. Katika tofauti hiyo ndimo linamokaa swali la elimu maalumu: mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kutembea au anayechelewa kuelewa anaidai nini shule, na anaidai kwa msingi gani, huruma ya watu wema au haki yake mwenyewe?

Komini ya Lubunga inafaa kulipima swali hilo. Kati ya komini sita za jiji la Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni hiyo pekee iliyo ukingo wa kushoto wa mto Kongo, na daraja hakuna. Chuo kikuu na ofisi za mkoa wa Tshopo ziko ukingo wa kulia. Mwenye haja nazo huvuka kwa mtumbwi au boti, kisha hupanda toleka, baiskeli ya abiria. Mwaka 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, iliyoahidiwa na Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006. Ilikuwa hatua kubwa, na watoto wengi waliingia darasani kwa sababu yake. Ila kwa mtoto ambaye miguu yake haimbebi, karo ilikuwa kizuizi kimoja tu. Vingine vilibaki palepale: tope la njia ya shule, mtumbwi usioingilika bila kubebwa, mgongo wa mama ambao mtoto wa miaka tisa ameshauelemea.

Aristotle aliliona tatizo hili zamani. Sheria, alifundisha, husema kwa ujumla, na maisha huja mojamoja. Kwa hiyo panahitajika haki inayoirekebisha sheria pale ujumla wake unapokosea. Aliifananisha na rula ya risasi ya waashi wa kisiwa cha Lesbos, iliyopinda kulifuata jiwe lilivyo. Mkalimani wa lugha ya alama, kitabu cha nukta nundu, kigari cha magurudumu matatu, muda wa ziada wakati wa mtihani: huko ndiko kupinda kwa rula. Ni makosa kuviita upendeleo. Kiziwi aliyekalishwa mbele ya mwalimu anayezungumza tu amepewa dawati, hajapewa somo.

Nchini Kongo swali hili ni la dini kwa namna ya pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya shule za umma husimamiwa na madhehebu. Mkataba wa Februari 1977 uliyakabidhi makanisa ya Kikatoliki, Kiprotestanti na Kikimbangu uongozi wa shule zao, serikali ikibaki na wajibu wa mishahara. Waislamu nao wanazo shule za namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba kanisa linalomwona mtoto kipofu mlangoni Jumapili, likampa sadaka, ndilo linalopaswa kumfundisha kusoma Jumatatu. La Jumapili hutegemea moyo wa mtoaji. La Jumatatu ni deni.

Maandiko ya dini hizo yanaegemea upande wa deni kuliko inavyodhaniwa. Kurani inasema kwamba katika mali ya waumini mna haki ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Neno lililotumika ni haki. Sura ya Abasa inamlaumu Mtume mwenyewe kwa kumgeuzia uso Ibn Umm Maktum, kipofu aliyekuja kutafuta mafunzo, huku wakubwa wa Makka wakisikilizwa. Kosa lililotajwa hapo ni la mwalimu aliyechagua mwanafunzi. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, na Yesu anakataa swali lenyewe. Kukataa huko kuna uzito Kisangani, ambako watoto wenye ulemavu ni miongoni mwa wanaosingiziwa uchawi, mara nyingine na watu wanaojiita wachungaji. Ibara ya 41 ya Katiba imepiga marufuku jambo hilo, na Sheria ya Mtoto ya Januari 2009 imeliwekea adhabu ya kifungo.

Kifafa kinaonyesha vyema jinsi imani potofu inavyofunga mlango wa shule. Tshopo ni eneo la usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaana kwenye maji yaendayo kasi; utafiti uliofanywa mkoani humo na jirani yake Bas-Uele umeuhusisha na wingi wa kifafa kwa watoto. Wengi huachishwa shule kwa hofu kwamba mate ya mwenye kuanguka huambukiza. Hayaambukizi. Msaada anaouhitaji mtoto huyu ni dawa isiyokatika na mwalimu anayejua kumlaza ubavu bila kumtia kitu mdomoni.

Lipo pingamizi lisilopaswa kudharauliwa. Darasa lina watoto wengi na mwalimu mmoja ambaye mshahara wake huchelewa. Kwa nini fedha chache zitumike kwa mmoja zisitumike kwa hamsini? Hoja hii ina nguvu mpaka mkazi wa Lubunga aikumbuke kwa sauti nyingine: ng'ambo ni ghali kufikika, basi huduma zianzie mjini. Hakuna mtu wa ukingo wa kushoto anayekubali kwamba gharama ya kuvuka mto inampunguzia haki. Mtoto asiyesikia amesimama kwenye ukingo wa namna hiyohiyo, ndani ya darasa lake.

Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na Mei 2022 ikatunga sheria yake ya kuwalinda na kuwaendeleza. Wajibu umeshaandikwa. Waratibu wa shule za madhehebu, wanaojua kila shule ya Lubunga kwa jina, waanze kwa kuwahesabu watoto hawa nyumba kwa nyumba, na kumteua katika kila shule mwalimu mmoja wa kufunzwa lugha ya alama na nukta nundu.